Nimekata kanga ya marehemu mama, sasa mkasi umenigomea

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, naishi Tanga mjini, nina mume na watoto watatu. Kazi yangu ni ukarani wa shule, nashinda na madaftari ya mahudhurio na risiti za michango. Nakuandikia jambo ambalo nikimweleza mtu wa hapa mtaani atanicheka, kwamba mtu mzima anakosa usingizi kwa sababu ya vitambaa.

Ilianza mwaka juzi. Binti yangu wa darasa la nne alipewa kazi ya nyumbani, atengeneze picha kwa vitu vilivyotupwa. Kama kawaida yao, alikumbuka saa mbili usiku. Tukakaa sakafuni na boksi la viatu, gundi, vizibo vya soda na magazeti. Saa tatu mtoto kalala. Mimi nilikuja kushtuka nasikia adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimetengeneza shamba la mkonge: majani ni vipande vya kopo la maziwa, udongo ni makapi ya kahawa, na singa za katani nimezichambua nikazianika juu ya uzi kama zinavyoanikwa shambani. Marehemu baba alikuwa mtu wa korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge, nimekulia kambini, kwa hiyo picha ile naijua hata nikifumba macho. Kesho yake mwalimu akamuuliza mtoto, "Hii kafanya mama, eeh?"

Tangu hapo situpi kitu. Vifungo, zipu mbovu, magome ya migomba, maganda ya mayai, mkeka uliokatika kingo. Chini ya kitanda kuna maboksi saba. Baba watoto ni fundi umeme, na anasema nimegeuza nyumba dampo. Akirudi kazini anamwaga vipande vya nyaya juu ya cherehani yangu, anasema, "Haya, takataka nyingine hizo," kisha anakwenda zake kuoga.

Sasa kiini cha barua. Mama alifariki mwaka 2022 akaacha sanduku la kanga, doti 14. Mimi na dada yangu tulikubaliana kila doti tuitenganishe, upande mmoja wake, upande mmoja wangu, ili kila mmoja awe na kila kanga ya mama. Moja ilikuwa mpya kabisa, haijakatwa wala kupindwa, jina lake WEMA HAUOZI. Hiyo tuliikata siku ile ile, dada ameshika mkasi, mimi nimeshika kitambaa.

Usiku mmoja nikautoa upande wangu. Nilitaka kipande cha pindo tu, lakini mkasi ukapita katikati ya jina. Huku WEMA HAU, huku OZI. Nikakaa nikatazama. Badala ya kujuta, nikakibandika kile cha WEMA HAU kwenye plaiwudi, pamoja na nakala ya picha yake ya pasipoti, singa za katani, kipande cha ukili aliousuka kwa mkono wake na vifungo vitatu vya gauni lake. Kona moja ya kitambaa imeanza kubanduka, lakini ni kazi pekee niliyowahi kuitazama nikasema: ndiyo.

Dada alikuja Idi. Akasimama mbele yake, akasoma kwa sauti, "Wema hau. Hau nini?" Akasema nimeivunja doti ya mama na nimemgeuza mama pambo la ukutani. Aliondoka pilau halijaiva. Mpaka leo tunazungumza habari za watoto tu.

Wakati huo huo mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, ambaye mjukuu wake anasoma shuleni kwetu, aliiona picha hiyo kwenye simu yangu. Anataka sita "kama ile ya maneno" za vyumbani, kila moja shilingi 40,000. Akanipa 80,000 za kianzio. Zimo kwenye kibubu, sijazigusa. Ni miezi miwili sasa na sijafanya hata moja. Nikishika mkasi mkono unakufa ganzi. Usiku naingia Pinterest kutazama kazi za wenzangu, ndiyo nazidi kusinyaa. Mti mmoja wa vifungo niliuiga kama ulivyo, nikaupeleka ofisini, wakausifu sana. Nilijihisi kama mtu aliyekwenda harusini na dhahabu ya kuazima.

Na ukweli ni kwamba mimi sijui kuchora. Darasa la sita mwalimu aliinua daftari langu mbele ya wenzangu akauliza, "Huyu ni mbuzi au ni meza?" Sijachora tena.

Nirudishe hela za watu? Niendelee kukata? Au hiki si kipaji chochote, ni majonzi tu yanatafuta pa kutokea? Kile kipande cha OZI kimo kwenye bahasha ndani ya mkoba wangu wa kazini. Natembea nacho, sijui kwa nini.

Mkata Vitambaa, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole ya mama. Najua tangu 2022 umeshapewa nyingi, lakini katika barua nzima hukuomba hata moja, kwa hiyo nakupa bila kuombwa.

Nikikuelewa, mambo matatu yamefungwa fundo moja. Kuna dada ambaye hamkai tena mkacheka. Kuna kazi ya watu uliyoipokea na kianzio chake. Na kuna ile sauti inayokuambia kwamba hukuzaliwa na ubunifu, kwamba ulichofanya usiku ule kilitokea kwa bahati. Ukivuta uzi mmoja mingine inakaza. Ndiyo maana mkono unakufa ganzi: mkasi wako siku hizi haukati kitambaa, unakata kesi. Sitakuambia ukate au usikate. Acha tu nilegeze legeze.

Tuanze na mbuzi na meza, maana hiyo ndiyo ya zamani zaidi. Mwalimu wako alihukumu mstari wa penseli wa mtoto wa darasa la sita, basi. Tena hata kwa hilo alikosea adabu. Kazi unayoifanya wewe haina mstari wa penseli. Ni ya kuchagua, kuweka, kuondoa, kusogeza kidogo kushoto. Niambie: kwa nini udongo wa shamba lako uliufanya kwa makapi ya kahawa? Mchanga Tanga haununuliwi. Ungeweza pia kupaka rangi. Ulichukua kahawa kwa sababu uliona kitu fulani kuhusu udongo ule ambacho mimi, niliyepita barabara hiyo kwa basi mara nyingi, sikuwahi kukiona. Halafu ukaianika katani juu ya uzi. Mtu asiyekulia kambini angeibandika imelala chini, na asingejua kama amekosea.

Unasema hujui kuchora. Ni kweli. Lakini kuna habari umeiandika kwa wepesi mno, kana kwamba haina uzito. Fundi umeme anayerudi nyumbani amechoka, mfukoni ana vipande vya nyaya, anakwenda kuvimwaga juu ya cherehani yako na si kwenye ndoo ya taka. Mwanangu, mwanamume anayeona nyumba yake ni dampo haongezi mzigo. Huenda nakosea, wewe ndiye unayelala naye. Ila nisingeharakisha kumweka upande wa wanaokudharau. Wapo wanaume ambao neno "nzuri" linawashinda kutamka, mikono yao ndiyo inasema.

Sasa mti wa vifungo na dhahabu ya kuazima. Hapa nakubishia kidogo. Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji, mtu wa Tunduru, alipita huko huko kwenu kwenye mashamba ya mkonge akitafuta riziki kabla hajaenda Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia bodi za ujenzi na rangi za kung'aa za dukani, zile watu wanazozipaka baiskeli. Ndugu na marafiki walikaa naye wakajifunza kwa kufuatisha picha zake. Alifariki mwaka 1972, na hao waliokuwa wakifuatisha ndio walioibeba ile namna ya kuchora mpaka ikafika Ulaya na Japani. Ukiwatazama kwa makini, chui wa huyu si chui wa yule. Kuna pia wanaorudia ndege yule yule kila siku kwa ajili ya watalii, hilo nalo silifichi.

Hata hiyo korosho iliyochapwa kwenye pindo za kanga, ambayo tunaiona ya kwetu kuliko kitu chochote, asili yake ni nakshi za Kiajemi na Kihindi. Mkonge uliomlisha baba yako nao ni wa kuja. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Leo nani atamwambia mtu wa Tanga kwamba mkonge si wake?

Kwa hiyo kuiga siyo wizi kwa wenyewe. Mwanamke gani amejifunza kusuka ukili bila kukaa karibu na mwingine akifuatisha vidole vyake? Inategemea unafanya nini baadaye. Mti ule ukikaa nyumbani kwako kama zoezi, hakuna aliyeibiwa. Ukiuweka kwenye chumba cha wageni kwa 40,000 na kusema ni wa kubuni kwako, hapo ile hisia ya dhahabu ya kuazima itakuwa na haki yake. Nafikiri moyo wako uliliona hilo kabla yangu. Jiulize pia kuna nini kwenye mti wako ambacho hakikuwa kwenye ule wa Pinterest. Kifungo kimoja ulichokiweka kwa kuwa cha rangi ile hukuwa nacho? Anzia hapo hapo ulipokosa.

Kwa dada nitakaa kidogo zaidi.

Umeandika kwamba siku ya mgawo yeye ndiye aliyeshika mkasi. Sijui kama uliisikia sentensi hiyo ulipoiandika. Doti ya WEMA HAUOZI ilitenganishwa na mikono minne, yake na yako. Aliyesema umeivunja doti anajua hilo, na pengine ndilo linalomuuma. Lakini nakuomba, usiende kwake na hoja hii mkononi kama risiti ya ada. Utashinda, kisha utarudi nyumbani bila dada.

Jaribu kuona alichokiona. Nyie mlikubaliana kila mmoja awe na kila kanga ya mama, na yeye alielewa kwamba kanga zile zitakaa kama zilivyo, mbili mbili, nyumba mbili. Kisha anakuja Idi anakuta jina la kanga limekatwa mdomoni. Jina la kanga ni usemi. Mama ananunua kanga kwa rangi, lakini anaivaa kwa jina, na ukilikata katikati ni kama umemkatiza mtu mzima akiwa anasema. "Hau nini?" Wewe umelisikia kama dharau. Je, kama lilikuwa swali? Ulimjibu?

Kwa upande mwingine, kanga ni kitu gani kisichokatwa? Mama zetu wote wamezikata. Iliyochakaa imekuwa mbeleko, ya mbeleko imekuwa nepi, ya nepi imekuwa tambara la deki, na hakuna aliyelia. Wewe umeiruka ngazi yote hiyo ukaipeleka ukutani ikiwa bado mpya. Kuna mtu ataona umeipandisha cheo, na kuna mtu ataona umeinyima maisha yake. Mimi naona mambo yote mawili kwa wakati mmoja na sijaweza kuchagua. Huenda wewe na dada mkaishi hivyo pia.

Kuhusu zile picha sita, njia zipo kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Kurudisha hela ni rahisi, kibubu ni cha kuvunja tu. Utalala vizuri wiki moja. Ninachohofia ni wiki ya pili, maana mtu aliyeshaambiwa "mbuzi au meza" anaweza kulihesabu hilo kama jibu la mara ya pili. Ukirudisha, basi urudishe kwa sababu umeamua kazi hiyo siyo ya kuuza. Kwa kuogopa tu, hapana.

Kufanya sita "kama ile" kwa kanga za mama ndicho mteja alichoomba. Hapa naomba uende taratibu sana. Ile ya kwanza ulifanya usiku, peke yako, bila kujua itakuwaje. Sita za oda ni kuomboleza kwa tarehe, na picha ya mama yako juu ya kitanda cha msafiri asiyemjua. Wapo wanaoweza, na wala si vibaya. Mteja wako, hata hivyo, huenda hakumaanisha mama. Huenda amependa maneno kwenye kitambaa, katani na ukili, ile sura ya pwani. Umemuuliza? Kanga za mtumba, au zako mwenyewe zilizopauka, zina majina matamu vile vile, na mkono utakaozikata ni wako ule ule. Hatari ni kwamba atasema hapana, nataka kama ile, na utalazimika kumweleza kwa nini ile haina pacha.

Iko njia ya katikati ambayo mafundi wa kuchanganya vitu huitumia: piga picha kanga ya mama, nenda duka lolote la steshenari wakuchapishie kwa rangi, ukate karatasi badala ya kitambaa. Waambie watumie mashine ya leza, kwa maana wino wa zile printa nyingine ukikutana na gundi mbichi unachuruzika. Ila vidole vyako vitajua kwamba ile ni karatasi. Sijui kama vitakusamehe.

Na kwa kuwa umetaja kona iliyobanduka: kanga mpya ina wanga wa kiwandani, ndiyo maana hukakamaa, na gundi haishiki vizuri juu yake. Ifue kwa sabuni mpaka maji yasitoke rangi, ianike, ipige pasi, ndipo ubandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Ule uji wa unga wa muhogo ambao wengine huutumia kama gundi uache kabisa, kwa mende wa Tanga ninavyowajua. Plaiwudi nyembamba ikipinda, bandika karatasi mgongoni ili ivutwe pande zote mbili. Na kabla hujasema 40,000 ni nyingi au ni chache, kaa chini kama karani uhesabu plaiwudi, gundi, fremu na usiku ngapi. Nahisi umejipunja.

Sasa mkono uliokufa ganzi. Watu husubiri kujiamini kwanza ndipo waanze, kama mtu anayesubiri kushiba ndipo apike. Binti yako alipolala usiku ule hukuwa na kujiamini kokote. Ulikuwa na kazi ya mtoto, na hakuna aliyetarajia chochote kutoka kwako. Sijui utairudishaje hali hiyo, ila wapo wanaojitengenezea. Wanakata boksi vipande vya ukubwa wa postikadi, wanachukua vitu vitatu tu, kwa mfano waya, ganda la yai na risiti iliyofifia, na wanafanya kimoja kila jioni kabla chai haijapoa. Havionyeshwi mtu, havipigwi picha, nyuma vinaandikwa tarehe na vinatiwa kwenye boksi, vibaya kwa vizuri. Vingi vitakuwa vibaya, ndivyo inavyotakiwa. Pinterest nayo unaweza kuipa likizo kwa muda huo, si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu pale unaona kazi za watu zikiwa zimemalizika, na zako unaziona zikiwa na gundi mbichi.

Umeuliza kama ni kipaji au ni majonzi. Nimelifikiria sana swali hili na bado sioni kwa nini lazima kiwe kimoja. Lakini angalia: lile shamba la mkonge halikuwa na mama ndani yake hata kidogo. Alikuwamo baba, na kambi, na wewe mdogo. Kwa hiyo kisima ulichonacho si kimoja. Majonzi yakipungua siku moja, na yatapungua, huenda ukaogopa kwamba na mkono utakwenda nayo. Lile shamba litunze mahali unapoweza kuliona. Lipo bado, au mwalimu alibaki nalo?

Kama utakwenda kwa dada, na wewe ndiye unayejua kama wakati umefika, sidhani unahitaji hotuba. Chukua ile bahasha. Yeye anao upande mzima, WEMA HAUOZI bila kukosa herufi. Wewe una OZI mkobani. Kiweke mezani, mnywe chai, umsikilize atakachosema kwanza.

Nisalimie baba watoto. Mwambie nyaya nyekundu zimekwisha, umtazame kesho atarudi na nini.

Shangazi